Presha ya nyuma kwenye ekzosi ni nini, na kwa nini injini haiihitaji

"Usifungue sana njia ya moshi, bosi. Injini bila presha ya nyuma haina nguvu." Sijui ni gereji ngapi nimeisikia kauli hii, na kila aliyeisema aliisema kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake. Na kweli, kuna kitu alikiona, ila alikipa jina lisilo lake.

Presha ya nyuma ni ukinzani tu. Moshi ukitoka kwenye silinda unakutana na kona, bomba jembamba, kutu iliyovimba kwa ndani, kisha mafla, yaani lile kopo la kupunguza kelele. (Nasema mafla kwa makusudi. Ukimwambia fundi wa Tanzania "sailensa" anaweza kudhani unazungumzia injini inavyounguruma gari likiwa limesimama, ukajikuta mnabishana nusu saa juu ya vitu viwili tofauti.) Kila kimoja kati ya hivyo kinauchelewesha moshi kidogo, na ulio nyuma unabanwa. Mbano huo ukipimwa karibu na kichwa cha injini, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ndio unaoitwa presha ya nyuma. Pistoni ikipanda kutoa moshi inalazimika kuusukuma dhidi ya mbano huo, na nguvu ya kusukumia inatoka kwenye mafuta uliyonunua. Moshi unaoshindwa kutoka unabaki ndani na kula nafasi ya hewa mpya. Kwa injini ya mipigo minne, ile ya magari ya kawaida, sioni faida yoyote hapo.

Basi fundi aliona nini? Aliona gari lililofungwa bomba nene, kelele ikaongezeka, halafu likawa zito kuondoka. Ukikanyaga mafuta kutoka chini linasitasita, linashika kasi tu mizunguko ya injini ikishapanda. Akahitimisha kwamba bomba jembamba lilikuwa na presha, bomba nene halina, kwa hiyo presha ndiyo iliyokuwa ikileta nguvu. Hesabu inaonekana imekaa sawa, lakini kuna kitu kingine kilichobadilika pamoja na presha, nacho ni kasi ya moshi.

Simama kando ya barabara kuu lori lipite kwa kasi. Vumbi na majani makavu hayasukumwi mbele tu, mengine yanaingia nyuma ya lori na kulifuata. Zamani ilikuwa mifuko ya rambo, hiyo sasa imepigwa marufuku. Lori limeacha nafasi yenye presha ndogo nyuma yake, na hewa ya jirani inakimbilia kuijaza. Moshi nao husafiri kwa mikupuo, si kwa mkondo mmoja laini kama maji ya bombani. Kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka, mkupuo mmoja unaruka ndani ya bomba kama lori lile na kuacha presha ndogo nyuma yake. Bomba likiwa la kipimo sahihi, mkupuo unakwenda kasi na ule mvuto wa nyuma yake unasaidia kusafisha silinda. Kuna kipindi kifupi ambapo valvu ya moshi haijafunga na ya kuingizia hewa imeshaanza kufunguka. Mvuto ukifika hapo kwa wakati, unaikokota hata hewa mpya iingie kabla pistoni haijaanza kushuka.

Bomba likiwa nene kupita kiasi, moshi ule ule unatawanyika kwenye nafasi kubwa na kupoteza kasi. Kipenyo cha ndani cha inchi 2 kina eneo la kama sentimita za mraba 20. Cha inchi 2.5 kina karibu 32, na cha inchi 3 kina zaidi ya 45. Yaani ukitoka inchi 2 kwenda 3 umeongeza nafasi mara mbili na robo, na kwa mizunguko ile ile kasi ya moshi inashuka chini ya nusu. Gari lililopoteza nguvu kwenye mizunguko ya chini halikukosa presha ya nyuma. Lilikosa kasi ya moshi, basi.

Nitatumia Datsun 240Z kama mfano, kwa sababu ndilo gari la michezo la zamani ninalolifahamu kwa mikono, na si geni kwetu. Lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Injini yake, L24, ina silinda sita mstari mmoja na lita 2.4. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika inatoa mikupuo 150 ya moshi kila sekunde, na yote inatafuta njia moja ya kutokea.

Silinda zinawaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Ukiutazama vizuri utaona zinapokezana: moja ya kundi la mbele, moja ya kundi la nyuma, hadi mwisho. Sasa fikiria manifoldi (lile bomba lenye matawi linalofungwa kwenye kichwa cha injini) inayokusanya moshi wa zote sita kwenye chumba kimoja kifupi. Silinda ya 1 iko katikati ya kutoa moshi wake, mara ya 5 inafungua valvu na kumwaga moshi wenye presha kubwa kwenye chumba hicho hicho. Ni kama abiria wanashuka kwenye daladala huku wengine wanapanda kwa mlango mmoja. Ukizitenga 1, 2 na 3 kwenye bomba lao, na 4, 5 na 6 kwenye lao, hali inabadilika. Ndani ya kila kundi mikupuo inaachana kwa nyuzi 240 za mzunguko, na inayofuata inafungua wakati iliyotangulia imekaribia kumaliza. Ndiyo maana hedasi nyingi za gari hili, yaani manifoldi za mabomba marefu zinazofungwa badala ya ile ya kiwandani, ni za sita-kwa-mbili: silinda sita, mabomba mawili. Si urembo, ingawa nakubali zinapendeza ukifungua boneti.

Kuna pia habari ya mawimbi. Mkupuo ukifika mwisho wa bomba ulio wazi, wimbi la mvuto linarudi kuelekea kwenye valvu kwa kasi inayozidi mita 500 kwa sekunde, na urefu wa bomba ndio unaoamua litarudi kwa mizunguko ipi. Pikipiki za mipigo miwili zinategemea sana mchezo huu. Lile tumbo la ekzosi zao limeundwa ili wimbi jingine, la msukumo, lirudi kuzuia mchanganyiko mpya wa hewa na petroli usitoroke. Nadhani imani ya presha ya nyuma ilipata miguu huko, kisha ikahamia kwenye magari ambako haina kazi.

Sababu ya pili ya bomba kulaumiwa ni kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Gari la enzi hizo halina kompyuta ya kuona kwamba injini sasa inapumua vizuri zaidi. Ukifungua njia ya moshi, hewa inayoingia inaweza kuongezeka bila petroli kulingana nayo, mchanganyiko ukawa mkavu, yaani wenye petroli kidogo mno, gari likasita. Mwenye gari anasema, "Niliwaambia, presha imepotea!" Chomoa plagi uzitazame. Zikiwa nyeupe kama chokaa, karekebishe kabureta kabla ya kulaumu bomba. Kwenye kabureta mbili za 240Z kuna nati chini ya kila moja. Ukiishusha unaongeza petroli, ukiipandisha unapunguza. Kazi ya dakika chache, lakini zote mbili lazima zilingane.

Kwa anayefanya mwenyewe nyumbani, sehemu ngumu si kukata bomba wala kuchomelea, ni pale manifoldi inapokutana na kichwa cha injini. Kwenye L24 manifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja (ile karatasi ngumu ya kuzuia uvujaji), na baadhi ya nati zina washa nene, kile kibati cha chini ya nati, inayobana flenji mbili, yaani ncha bapa za manifoldi hizo, kwa pamoja: nusu imelala juu ya flenji ya hewa, nusu juu ya ile ya moshi. Ukinunua hedasi yenye flenji nyembamba kuliko ya zamani, washa inalala upande. Inabana moja, nyingine inabaki inacheza. Pima unene wa zote mbili kabla hujafunga chochote. Kichwa chenyewe ni cha alumini, na stadi (bolti isiyo na kichwa inayopokea nati) ya nyuma kabisa, karibu na silinda ya 6, ina sifa mbaya ya kukatika. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, kisha fungua robo, rudisha kidogo, fungua tena. Anayeivunja kwa haraka atashinda wiki nzima akitoboa.

Gasketi ikivuja hapo utasikia kwanza tiki-tiki injini ikiwa baridi. Kisha utasikia ekzosi inapiga kama baruti unapoachia mafuta kwenye mteremko. Vijana wengine wanazipenda sauti hizo na hata kuzilipia. Lakini zisikilize vizuri. Hewa ya nje imefyonzwa kupitia ufa, ikakutana na petroli isiyoungua ndani ya bomba la moto. Maana yake ni kwamba ndani ya ekzosi kuna nyakati presha inashuka chini ya ile ya nje, na kama bomba lingekuwa linasukuma nyuma muda wote, ufa ungetoa moshi tu bila kuvuta kitu.

Mengine nayapita haraka. Gari lisimame juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Gasketi ya miaka ya 1970 usiikwangue ikiwa kavu, nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Na kile kitambaa cha kufungia hedasi kinatunza joto, sawa, lakini kinatunza unyevu pia, na chuma cha kawaida kinaoza chini yake bila wewe kujua.

Ukitaka kujua kama ekzosi yako ina presha ya nyuma ya kutia wasiwasi, huhitaji mashine kubwa. Unganisha geji ya mvuto, ile inayopima jinsi injini inavyofyonza, kwenye manifoldi ya hewa, washa injini ipate moto, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 na uitazame sindano. Ikitulia, njia iko wazi. Ikianza kushuka polepole huku mguu wako haujasogea, kuna mahali pameziba.

Tulifanya hivyo kwenye 240Z ya rafiki, iliyokuwa imelala bandani miaka mingi. Alikuwa ameshaagiza bomba la inchi 3. Sindano ikaanza kushuka taratibu, tukatazamana. Tulifungua mafla ya zamani, akaishika kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikalia kama kayamba: bati la ndani lilikuwa limekatika na kulala mlangoni. Tukafunga mafla nyingine kwenye bomba lile lile la mwanzo, na gari likashika kasi tangu mizunguko ya chini. Bomba la inchi 3 bado limeegemea ukutani, linauzwa.