Hakimu akishapitisha makubaliano ya malezi, hayabaki ya kwenu wawili tu

Wazazi waliotengana wengi wanasema eti "hayo makubaliano tuliandika wenyewe, nikitaka nayavunja mwenyewe". Hapana jamani. Mkishayapeleka mahakamani hakimu akayapitisha, inakuwa amri ya mahakama, na kuivunja makusudi kunaweza kukuletea kesi ya kudharau mahakama.

Panapoumiza zaidi ni hela ya matunzo, yaani baba hajatuma mwezi huu basi Ijumaa jioni anakuja kumchukua mtoto anakuta mlango umefungwa, na mtoto yuko ndani keshavaa viatu, begi mgongoni, anasubiri. Kisheria nchi nyingi zinatenganisha hayo mawili, hela unaidai kwa njia yake hukohuko mahakamani ila mtoto aende, maana kumwona mzazi ni haki ya mtoto mwenyewe, hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 umeiweka kifungu cha 9, isipokuwa tu kama kukutana kunamdhuru. Na baba naye kunyimwa mtoto hakumpi ruhusa ya kuacha kutuma.

Ratiba ya mtoto kwenda kwa kila mzazi haifai tena, labda mtoto kahamia shule nyingine? Kubalianeni upya kwa maandishi, mrudi hakimu aipitishe. Na kama mtoto yuko hatarini usingoje, omba amri ya dharura leoleo.