Chupa ya dawa ya nyanya na maji ya Themi

Maji ya mto yanaweza kuwa meupe pe, bila povu wala harufu, na bado yakabeba kemikali zinazovuruga homoni. Mwili huendesha ukuaji na uzazi kwa homoni chache mno, ndiyo maana chembe kidogo ya kemikali inayofanana nazo huuhadaa.

Kidogo kiasi gani? Kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti nchini Kanada walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango kwenye ziwa la majaribio, nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Ni sawa na kijiko cha chai cha sukari katika matangi 200,000 ya lita 5,000. Samaki dume wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, na aina moja ya samaki wadogo nusura itoweke.

Mto Themi wa Arusha huingia mto Kikuletwa, Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani hadi baharini. Njiani, baadhi ya kemikali hushika kwenye tope na kujikusanya katika mafuta ya samaki. Kuchemsha maji huua vijidudu tu. Kemikali nyingi za aina hii hubaki, na maji yakipungua sufuriani zinazidi kukolea.

Viwanda vinalaumiwa, sawa, lakini tazama bustani za mboga kando ya mto. Baadhi ya viuatilifu huvuruga homoni, na kosa kubwa hufanyika wakati wa kuchanganya: mkulima hujaza bomba la kunyunyizia hadi juu, ndipo akumbuke kusuuza chupa ya dawa. Maji ya kusuuzia hayana pa kwenda ila mferejini.

Suuza chupa wakati bomba bado lina nafasi. Chupa ikiisha, iinamishe juu ya bomba sekunde 30. Tia maji robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina humo humo bombani. Rudia mara tatu, ndipo ujazie maji. Yote yaishie kwenye mimea. Kisha toboa chupa, isije ikatiwa mafuta ya taa au maziwa. Usiichome: mabaki yenye klorini yakiungua kwa moto hafifu huweza kutoa dioksini, nayo huvuruga homoni vilevile.

Kuchanganya kufanyike mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Vidonge vilivyobaki navyo visitupwe chooni. Mabwawa ya majitaka yalijengwa kwa ajili ya kinyesi na vijidudu, si homoni.