Uwanja wa Mahakama ya Kaunti Marekani: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi hudhani kwamba uwanja wenye jengo la mahakama katikati, unaoonekana katika miji mingi midogo ya Kusini mwa Marekani, ni soko la kale lililokua lenyewe, kisha serikali ikajipachika humo. Sivyo. Shelbyville, Tennessee, makao makuu ya kaunti ya Bedford, ulipimwa mwaka 1810 kabla ya kuwa mji: wapima ardhi walitenga kitalu cha katikati kwa ajili ya mahakama, wakakizungushia barabara, na viwanja vinavyokitazama vikauzwa. Maduka yalifuata, kwa kuwa mkulima aliyekuja kusajili hati ya shamba, kulipa kodi au kusikiliza kesi hakurudi nyumbani bila chumvi na misumari.

Hapo dhana ya pili, kwamba uwanja huo ni wa kesi tu, inaanguka yenyewe. Msomaji wa Kenya, aliyezoea kaunti 47 zenye magavana, atashangaa zaidi: kaunti ya Marekani haina gavana, na huko Texas, penye kaunti 254, chombo kinachotawala kaunti huitwa mahakama ya makamishna ilhali shughuli zake kubwa ni bajeti na barabara. Nyumba ambazo wenyewe wameshindwa kulipa mkopo hunadiwa huko hadi leo, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, kwa kawaida kwenye mahakama ya kaunti. Kabla ya 1865, kwenye ngazi za mahakama nyingi za Kusini walinadiwa watu waliofanywa watumwa.

Wala jengo lenyewe halikuwa kinga ya sheria. Desemba 1934, umati wa Wazungu ulivamia mahakama ya Shelbyville kumtaka mshtakiwa Mweusi. Askari walipomtorosha akiwa amevishwa sare yao, umati ukalichoma moto jengo zima.

Sanamu na minara ya kuwaenzi wanajeshi wa Kusini katika viwanja hivi nayo hudhaniwa kuwa masalia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, ingawa sehemu kubwa iliwekwa miongo kadhaa baadaye, sheria za ubaguzi zilipokuwa zikikazwa. Mnara wa Decatur, Georgia, ulisimamishwa mwaka 1908 na kuondolewa Juni 2020. Tangu 2024, mahali pake pana sanamu ya John Lewis, mtetezi wa haki za raia.