Intaneti ya setilaiti: yanayosemwa Kenya na yaliyo kweli

Tangu Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni ya SpaceX, ianze kuuzwa Kenya Julai 2023, watu wanabishana juu yake kila mahali. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Setilaiti iko mbali, lazima mtandao ukwamekwame." Zilizo mbali ni zile za zamani, kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ukiuliza swali kwenye simu ya video, jibu hukufikia baada ya nusu sekunde au zaidi. Za Starlink hupita kilomita 550 hivi tu kutoka ardhini. Tena, sehemu ya ucheleweshaji uliowasumbua Wakenya mwanzoni ilitokana na data kuzungushwa nchi nyingine kwanza, mpaka kampuni ilipoweka kituo chake Nairobi Januari 2025.

"Nikinunua dishi nchi jirani, nitalitumia popote." Dishi hujua lilipo. Katika nchi ambako Starlink haina leseni linaweza kuzimwa, na Aprili 2024 kampuni iliwaandikia wateja wa nchi za aina hiyo kuwaonya.

"Anga ni pana, kila mtu atatosha." Hapa ndipo wengi wanapopotoka. Setilaiti humulika eneo fulani la ardhi, na wote walio humo hugawana uwezo uleule. Novemba 2024 Starlink ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, zikiwemo Kiambu, Machakos na Kajiado, kwa kuwa uwezo ulikuwa umejaa. Mwenye faiba mlangoni abaki na faiba yake. Dishi ni la Turkana, Marsabit na Garissa, kule ambako nyumba zimetawanyika na mnara uko mbali.

"Ni ya matajiri." Kwa familia moja kuna ukweli: seti ya kawaida imewahi kuuzwa shilingi 45,000 hivi, na ile ndogo 27,000. Lakini kwa kifurushi kinachoruhusu biashara, dishi moja juu ya paa la mabati hutosha kwa duka linalouza wifi kwa saa, wateja wakiwa kwenye benchi nje. Dishi dogo hula wati 25 hadi 40, kwa hiyo paneli ya sola na betri huliendesha pasipo na stima. Natamani kaunti zianze na zahanati. Muuguzi aliye peke yake anahitaji kumtumia daktari wa hospitali ya rufaa picha ya kidonda leo hii, mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yake.