Msimzuie bibi kumsemesha mjukuu Kiha

Malalamiko yanayofika ofisi yetu ya ustawi wa jamii siku hizi yanatoka kwa mabibi. Ndiyo, mabibi. Mama anarudi sokoni, bibi anaachiwa mjukuu pamoja na sharti: asimsemeshe Kiha, lugha ya Waha wa huku Kigoma, atamchanganya. Amwashie katuni za Kiingereza kwenye simu.

Hilo si sahihi, na tumelisema kliniki hadi tumechoka. Miaka ya mwanzo ubongo wa mtoto hujenga miunganiko mipya ya seli zake zaidi ya milioni moja kila sekunde, na kinachoiimarisha ni mtoto kujibiwa.

Katika ziara moja Kasulu nilimkuta bibi anachambua dagaa kwenye ungo, mtoto wa miezi tisa yuko mkekani. Mtoto akasema "da-da-da". Bibi akainua dagaa mmoja, akamjibu kwa Kiha, kisha akanyamaza akimtazama. Mtoto akapiga mkeka kwa kiganja, akarudia. Bibi akajibu tena. Huko kusubiri zamu ya mtoto ndiko kunakoitwa malezi yenye mwitikio katika programu ya taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (MMMAM), iliyozinduliwa Desemba 2021. Bibi yule hajakaa semina hata moja. Simu haisubiri zamu ya mtu, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani halishauri skrini kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili.

Kiswahili atakijua tu, hapa hapa mtaani. Akichanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja, huyo anajifunza, hajaharibika.

Kuhusu chakula nitasema moja. Chumvi ya Uvinza tunajivunia, lakini hakikisheni mnayonunua imewekewa madini joto (ayodini), hasa nyumba yenye mjamzito. Upungufu wa madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa.

Sasa vituo vya kulelea watoto mchana. Hatuvipingi, wapo wasio na bibi nyumbani. Vinaongozwa na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 na kanuni zake. Mwenye kituo huomba kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, anakaguliwa majengo, maji, choo cha watoto, eneo la kuchezea na sifa za walezi, ndipo anasajiliwa. Barua ya mtendaji wa mtaa si usajili. Risiti ya kodi si usajili. Kuwa na sare na gari lenye picha za katuni si usajili. Omba kuoneshwa cheti, soma jina la kituo, linganisha na kibao cha mlangoni.

Na wale wanaomfungia mtoto ndani na simu wakaenda mnadani, huko ni kumtelekeza. Sheria hiyo inataja faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hatufurahii kumfikisha mzazi mahakamani. Kwa kawaida tunaanza na ushauri.

Ukiona mtoto kaachwa hivyo, au kituo bubu, yaani kisichosajiliwa, anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha mtendaji, kisha afisa ustawi wa jamii. Kama jambo ni la dharura usifuate ngazi hizo, piga 116, ni bure. Taja kijiji na kitongoji. Kusema "kule karibu na mwembe" kunatuchelewesha.