Mnara Mrefu Si Hekalu: Tunayoyakosea Kuhusu Mahekalu ya Tamil Nadu

"Lile hekalu refu lenye masanamu ya rangi." Ndivyo wengi wanavyolieleza hekalu la Kihindu la mungu wa kike Meenakshi lililoko Madurai, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, baada ya kuona picha yake. Kumbe walichokiona ni lango. Mnara ule huitwa gopuramu: chini graniti, juu matofali, na masanamu yake ni ya lipu iliyopakwa rangi. Hekalu hilo lina minara ya namna hiyo 14, na ule wa kusini unakaribia mita 52. Mungu hakai humo. Anakaa katikati kabisa, ndani ya chumba kidogo, cheusi, kisicho na dirisha, kiitwacho garbhagriha, yaani nyumba ya tumbo la uzazi. Kwa hiyo giza lile si kosa la fundi. Unatoka kwenye jua kali la uani, unapita kumbi zenye mwanga unaofifia, mpaka unafika penye taa tu.

Je, lango ndilo refu siku zote? La. Hekalu la Brihadisvara la Thanjavur, alilolimaliza mfalme Rajaraja wa Kwanza mwaka 1010, limegeuza mambo: mnara uliosimama juu ya chumba cha mungu, yaani vimana, unapita mita 60, na malango yake ni mafupi. Mtindo wa kurefusha malango ulishamiri karne za baadaye, kila mtawala akiongeza ukuta na lango la nje kubwa kuliko la ndani.

Hapohapo Thanjavur utaambiwa kivuli cha vimana hakigusi ardhi kamwe. Hadithi tamu, ila nenda asubuhi au jioni ukakione kimelala uani. Saa sita mchana ya mwezi Aprili, jua likiwa karibu na utosi, kivuli huangukia kwenye kitako kipana cha mnara wenyewe, na nadhani uvumi ulianzia hapo. Desemba jua limeinamia kusini, kivuli hutoka nje hata saa sita.

Tukirudi Madurai, kuna Ukumbi wa Nguzo Elfu. Nguzo zake ni 985. Hakuna aliyedanganya, elfu hapo ni jina, na ukisimama katikati yake hutakuwa na hamu ya kuhesabu.

Na lile bwawa lenye ngazi pande zote si pambo wala si la kuogelea. Ni la kujitakasa kabla ya ibada. Anayejua birika la msikitini hahitaji maelezo marefu. Ukuta wa nje nao si mwisho wa ramani, kwani mitaa ya mji wa kale imelizunguka hekalu mraba ndani ya mraba, mingi ikiitwa kwa majina ya miezi ya Kitamil, na magari ya sherehe ya miungu huvutwa humo kwa kamba.