Zahanati ni yetu: nguvu za wananchi zisiishie kwenye tofali

Ukitaka kuona Watanzania wanavyojua kushirikiana, nenda kijiji kinachojenga zahanati. Mawe yatasombwa, mchanga utaletwa, kina mama watachota maji, na mtoto wa kijiji aliyeko mjini atatuma mchango wake kwa simu. Boma litafika usawa wa lenta kabla halmashauri haijaleta bati la kwanza. Shida inaanza jengo likishafunguliwa. Walewale waliolijenga wanageuka kuwa watu wa kupanga foleni tu. Hawajui dawa zinaagizwaje, fedha zinaingia kiasi gani, wala nani anawasemea. Katika kazi yangu ya kuzifundisha kamati za zahanati na vituo vya afya, hili naliona linatugharimu kuliko upungufu wa majengo.

Kila kituo cha umma cha kutolea huduma za afya kinatakiwa kuwa na Kamati ya Usimamizi. Ndani yake wamo wajumbe wanaotokana na wananchi wenyewe, na mganga mfawidhi ndiye katibu, si mwenyekiti. Kamati inapitia mpango na bajeti ya kituo, inafuatilia mapato na matumizi, na inafikisha kero za wananchi kunakohusika. Uzito wake uliongezeka mwaka wa fedha 2017/18, serikali ilipoanza kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kuzipitishia halmashauri. Kwa hiyo zahanati ya kijijini leo ina akaunti yake benki na ina mpango wake wa matumizi. Anayekosekana mara nyingi ni mwananchi anayefuatilia. Wajumbe hupatikana kimyakimya, kwa kupendekezwa na viongozi, na wengine hawajui walichaguliwa kufanya nini hasa.

Chukua siku ya kupokea dawa. Shehena ya Bohari ya Dawa, MSD, inapofika, mjumbe wa kamati anatakiwa awepo. Maboksi yanafunguliwa mbele yake. Kilichomo kinahesabiwa na kulinganishwa na hati iliyokuja na mzigo, tarehe za mwisho wa matumizi zinaangaliwa, anasaini pamoja na mhudumu, na idadi inaingizwa kwenye leja. Kazi hiyo haihitaji shahada, inahitaji mtu anayejua kusoma, mwenye subira na asiyeona haya kuuliza, "Hapa pameandikwa makopo kumi, mbona naona saba?"

Mjumbe aliyefanya kazi hiyo anarudi mtaani akiwa na majibu. Mama akimlalamikia kwamba ameambiwa dawa ya mtoto hakuna, anaweza kumweleza kama haikuagizwa, kama iliagizwa ikaja pungufu, au kama ilikuja ya kutosha ikaisha kwa sababu wagonjwa waliongezeka. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake. La kwanza ni la kituo chenyewe. La pili lina utaratibu: MSD ikikosa bidhaa, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa, kupitia mfumo wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014 kisha ukaenea nchi nzima. La tatu linataka makisio mapya kwenye maombi yanayofuata. Kamati isiyojua haya itapokea neno "zimeisha" na kuondoka nalo.

Lakini wajumbe wachache hawawezi kuwa masikio ya kijiji kizima. Hapa ndipo vikundi vinapohitajika, na hatuna haja ya kuunda vipya: vikoba vipo, vikundi vya kufa na kuzikana vipo, jumuiya za misikiti na makanisa zipo, vijana wa bodaboda wana vijiwe na viongozi wao. Wanachokosa ni kuwa na afya kama ajenda ya kudumu kwenye vikao vyao.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua kina mama: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Jirani ana nafasi katika yote matatu. Uchungu ukianza usiku, mume yuko machimboni na simu yake haipatikani, nani anaamua? Familia nyingi hulijadili hilo uchungu ukiwa umeshaanza, na muda unapotea hapo hapo. Kikundi kinachowajua wajawazito wake kinalimaliza mapema: mama anajua atajifungulia wapi, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto. Kuhusu usafiri, kikoba kinaweza kukubaliana kwamba mfuko wake wa jamii utoe nauli ya dharura bila kusubiri kikao. Namba 115, inayopigwa bure, ndiyo ya mfumo wa m-mama unaomwita dereva au gari la wagonjwa kwa ajili ya mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga mwenye dharura. Kila nyumba yenye mjamzito inapaswa kuwa na namba hiyo imeandikwa ukutani.

Kwamba mazungumzo ya majirani yanaokoa maisha limeshapimwa. Katika wilaya ya Makwanpur nchini Nepal, vikundi vya wanawake vilikutana kila mwezi kujadili matatizo ya ujauzito na ya watoto wachanga. Hawakuwa wauguzi. Walichagua wenyewe tatizo la kuanza nalo, wakaanzisha mifuko ya fedha, wakapanga machela za kubebea wagonjwa milimani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vikiwa chini kwa takriban asilimia 30 kuliko kwenye maeneo yasiyo na vikundi. Majaribio zaidi yakafuata Bangladesh, India na Malawi. Yalipochambuliwa kwa pamoja mwaka 2013, faida ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo walau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo kwa maeneo ya vijijini yenye huduma hafifu.

Wazee wetu hawatashangaa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kitabu cha somo na kujadiliana. Walipomaliza kujadiliana walichimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi ya mbu. Somo na kazi vilikwenda pamoja, na naamini ndiyo sababu watu wengi wa umri ule bado wanaikumbuka.

Kuna watu ambao kikundi kinaweza kuwapita bila kujua. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo, lakini lazima kwanza atambuliwe kijijini au mtaani, jina lake lipelekwe halmashauri, ndipo apate kitambulisho. Bibi anayeishi peke yake mwisho wa njia hatafika ofisi ya mtendaji kuulizia. Jirani ndiye wa kumwandikisha. Ni vilevile kwa mtu asiyeona, kwa kiziwi asiye na wa kumtafsiria mbele ya daktari, na kwa binti mwenye mimba anayefichwa ndani.

Tahadhari moja, na naomba ichukuliwe kwa uzito. Kikundi kisigeuke kuwa polisi wa wahudumu. Zahanati nyingi zina wahudumu wawili au watatu, na yule unayemwona amekasirika asubuhi huenda amezalisha usiku kucha peke yake. Kama lugha yake si nzuri, lisemwe kwenye kamati, kwa heshima, na afuatwe. Lakini kijiji nacho kijiulize: nyumba ya muuguzi inavuja? Maji anayafuata wapi? Usiku akigongewa, kuna mlinzi? Zipo zahanati zilizopoteza watumishi wazuri kwa mambo ambayo wananchi wangeweza kuyamaliza kwa Jumamosi moja ya kujitolea, na kumpata mwingine ikachukua muda mrefu.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, unapaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Kwenye mkutano ujao, mwanakikundi mmoja asimame aombe wajumbe wa kamati ya zahanati watambulishwe, na wasomewe wananchi mapato na matumizi ya kituo ya robo iliyopita. Mkutano unaofuata, aulize dawa zipi zilikosekana na kwa nini. Kama hakuna mjumbe aliyehudhuria, majina yao yaombwe kwa mtendaji. Kama muda wao umekwisha, uombwe uchaguzi, na safari hii vikundi vya kina mama, wazee na vijana vilete majina ya watu wao.